TUSIPIME KWA KUVUNJA



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Najua kurasa hizi hupendelea habari za mpira, za safari na za mashindano ya kuimba, na mambo ya maabara huachiwa upande wa Kiingereza, kana kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni tu. Leo nataka kujaribu. Nikishindwa, lawama iwe yangu, isiwe ya lugha.

Neno langu ni hili. Katika shule yetu twafundishwa kupima vitu vingi, lakini hatufundishwi kujiuliza kama kipimo chenyewe kimekiharibu kile kitu tunachokipima. Na mtu asiyejiuliza hivyo aweza kupata hesabu nzuri, yenye desimali mbili, iliyopigiwa mstari kwa rula, nayo ni ya uongo.

Nitaanza na jaja yangu, mama yake baba, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifungua macho.

Desemba iliyopita jaja alipatwa na unyonge. Hakuweza kwenda kisimani wala kushika jembe. Baba alimpeleka katika zahanati moja, akatolewa damu. Sindano ilikuwa nyembamba, mishipa ya jaja ni ya kizee, na damu ilivutwa kwa nguvu, kisha ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kichupa. Kichupa kikatiwa mfukoni mwa kijana wa bodaboda, kikaenda maabara ya mjini kwa barabara ambayo kila mtu wa kwetu aijua, mashimo juu ya mashimo, na jua la saa nane. Jioni jibu likaja kwa simu: potasiamu katika damu imepita 7, hali kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5. Muuguzi akamwambia baba, "Mzee, usilale. Potasiamu ikizidi hivi, moyo waweza kusimama."

Usiku ule ule baba alimwuzia jirani ndama wetu, kwa bei ya mtu mwenye haraka, akakodi gari. Mimi nilikaa nyuma nimemshika jaja mkono, nikihesabu mapigo ya moyo wake, kila pigo nikidhani ni la mwisho. Yeye alikuwa akiniuliza kama kuku wamefungiwa. Alfajiri tulifika katika hospitali kubwa. Daktari mmoja, mtu mpole, akaagiza jaja atolewe damu upya, taratibu, kwa sindano pana kidogo, na damu iachwe iingie chupani yenyewe. Potasiamu ikawa 4.3. Moyo wa jaja haukuwa na neno. Alikuwa na upungufu wa damu, akapewa dawa, na leo analima.

Nilipomwuliza daktari imekuwaje, hakunifukuza. Alinionyesha vichupa viwili vilivyokwisha kuzungushwa katika mashine. Katika kimoja maji ya juu yalikuwa ya manjano, kama rangi ya majani makavu. Katika kingine yalikuwa mekundu. Akasema, "Chembe nyekundu za damu ni kama mifuko midogo. Ndani yake potasiamu ni zaidi ya mara 20 kuliko ile iliyo katika maji ya nje. Ukiipasua mifuko, potasiamu humwagika. Mashine haikusema uongo, kijana. Ilipima sawasawa kile ilicholetewa."

Njiani kurudi nyumbani niliwaza sana. Kumbe hatukupima damu ya jaja. Tulipima barabara. Na ndama ameuzwa.

Simlaumu muuguzi wala kijana wa bodaboda. Kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Nauliza tu: nani alifundishwa kujua kwamba chembe hupasuka? Nasi hapa shuleni, je, twafundishwa?

Muhula ulipofunguliwa nilimwomba mwalimu wetu wa kemia ruhusa ya kufanya jaribio dogo. Tulichukua wanga wa muhogo, tukapika uji mwepesi sufuria moja, tukaugawa mara mbili. Sehemu ya kwanza tuliiacha ipoe kwa utulivu. Sehemu ya pili tuliivuta na kuisukuma mara 40 katika bomba la sindano, halafu nayo tukaiacha ipoe. Kisha tukapitisha kila sehemu katika faneli ile ile, tukishika saa. Uji uliotulia ulichukua sekunde 58 kumalizika. Uji uliosumbuliwa ulichukua sekunde 31. Unga ni mmoja, maji ni yale yale, moto ni ule ule. Wapishi wa shule walitucheka, wakasema kila mama ajua kwamba uji wa muhogo ukikorogwa kupita kiasi hulegea. Ni kweli, wao walijua zamani. Sisi ndio tulikuwa hatujui kwamba hiyo ni kemia.

Vidonge vya wanga vikiiva huvimba na kuwa laini, na ukivikoroga kwa nguvu hupasuka. Hata molekuli zenyewe zilizomo si salama. Wanga una molekuli iitwayo amilopektini, mnyororo wenye matawi mengi kama mti, uliofumwa kwa sukari ya glukosi. Ikiwa molekuli moja ya maji ina uzito wa 18, molekuli ya amilopektini yaweza kufikia mamia ya mamilioni. Minyororo ya namna hii huitwa polima. Mpira wa miti ni polima, nailoni ni polima, protini ni polima, na kalo tunayokula kila siku imejaa polima. Jinsi mnyororo ulivyo mrefu ndivyo ulivyo mwepesi kukatika ukivutwa.

Basi hapo lilizuka swali: kama vitu hivi hukatika kwa kusumbuliwa, wataalamu huvitenga na kuvipima vipi, vikubwa mbali na vidogo mbali?

Njia iliyoenea ni ya kuvipitisha katika bomba lililoshindiliwa punje ndogo zenye matundu. Bwana J. C. Moore wa Marekani aliionyesha kwa polima mwaka 1964. Molekuli ndogo huingia katika matundu na kuchelewa, kubwa hupita nje ya punje na kutangulia. Ni njia njema na imefanya kazi kubwa duniani. Lakini fikiri mwenyewe: molekuli yenye matawi kama mti, yasukumwa kwa shinikizo kubwa katika vichochoro vya katikati ya punje. Zilizo kubwa mno hukatika. Nyingine hunata. Mpira wa miti una mabonge laini ambayo huziba bomba. Mwisho mtaalamu hupata jibu kuhusu molekuli zilizosalimika, naye adhani ni jibu kuhusu zote. Ndugu msomaji, hiyo ni barabara ya jaja kwa mara ya pili.

Mwalimu wetu ndiye aliyetueleza njia nyingine. Aliyeibuni ni Bwana J. Calvin Giddings, aliyezaliwa mwaka 1930, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Alikuwa bingwa wa zile njia za mabomba yenye punje, hata mwaka 1965 akatoa kitabu kizima juu yake. Mwaka uliofuata, 1966, alitoa makala ya kueleza wazo jipya: ondoa punje zote, acha mfereji uwe mtupu, na kazi ya kutenga vitu ifanywe na mkondo wa maji pamoja na nguvu itokayo ubavuni. Kwa Kiingereza njia hii ina jina refu. Mimi nitaiita njia ya mkondo na ubavu.

Bwana Giddings alikuwa pia mtu wa mitumbwi. Katika miaka ya 1970 aliwaongoza wenzake kushuka makorongo ya mto Apurímac nchini Peru, na kitabu chake cha safari hiyo kilitoka mwaka 1996, mwaka aliofariki. Mtu wa mtumbwi ajua jambo moja ambalo wavuvi wetu wa Nile nao walijua kabla ya shule kujengwa: maji ya mto hayaendi mwendo mmoja. Katikati yana mbio, kando yana uvivu. Mvuvi anayeshuka hushika katikati. Anayepanda hujibanza ukingoni. Ukielewa hilo, umekwisha kuelewa nusu ya mambo.

Sasa tutazame nusu ya pili. Chukua bapa mbili, moja juu ya nyingine, kati yake ibaki nafasi ya robo ya milimita hivi. Nafasi hiyo ndiyo mfereji, mrefu na mpana kama utepe, lakini mwembamba mno. Maji hupita toka kichwani hadi mkiani. Kwa sababu ya wembamba ule hayana mavurugu kama ya mto; huenda kwa matabaka, kila tabaka na mwendo wake. Yaliyogusa ukuta yamesimama. Ya katikati kabisa yana mwendo wa mara moja na nusu ya wastani.

Kisha inakuja nguvu ya ubavuni. Mama akipepeta mtama, mtama huanguka chini na upepo hupita kwa ubavu, ukachukua makapi. Ndivyo ilivyo hapa. Nguvu hiyo yaweza kuwa mzunguko wa mashine. Yaweza kuwa tofauti ya joto, ukuta mmoja wa moto na mmoja wa baridi, na njia hiyo hufaa plastiki zilizoyeyushwa. Yaweza kuwa umeme. Inayotumika zaidi ni maji yenyewe: ukuta wa chini ni utando wenye matundu madogo kupita kiasi, baadhi ya maji huvuja humo, nazo chembe husukumwa kuelekea utandoni zisiweze kupita.

Kama mambo yangeishia hapo, chembe zote zingelala chini kama tope. Lakini chembe ndogo hazijui kulala. Joto la maji huzitikisa daima, nazo hurukaruka na kusambaa. Iliyo ndogo husambaa mbali na ukuta. Iliyo kubwa ni nzito wa miguu, hukaa karibu. Kanuni yake ni nyepesi: chembe yenye upana mara mbili husambaa kwa kasi ya nusu. Basi ndogo hufikia matabaka yenye mbio na kutangulia kutoka. Kubwa hubaki kwenye matabaka ya uvivu na kuchelewa. Tuseme chembe ya nanomita 50 imetoka baada ya dakika 10. Ile ya nanomita 100 itatoka kwenye dakika ya 20 hivi. Kwa kutazama saa tu waweza kujua upana wa kitu ambacho hutakiona kwa macho. Tena mwangaza ukielekezwa kwenye maji yanapotoka, namna chembe zinavyoutawanya humwonyesha mtaalamu uzito na ukubwa wake.

Zikipita upana wa mikromita moja hivi, mambo hugeuka. Hizo ni kubwa mno kurukaruka. Zote hugusa ukuta, na iliyo nene zaidi huinua kichwa chake katika mbio za mkondo, ikatangulia kutoka. Chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa mikromita 7 hadi 8, ni ya kundi hili, na chembe za damu zimekwisha kutenganishwa hivyo.

Nililopenda ni kwamba mle ndani hakuna cha kuibana chembe wala cha kuichana. Haipiti tundu dogo kuliko yenyewe. Yachukuliwa kama majani yachukuliwavyo na mto.

Mtu aweza kuuliza: upole huo umeleta faida gani? Mwaka 1976 Bwana Giddings na wenzake walionyesha ule mfereji wa maji ya ubavuni. Mwaka 1987 yeye na Bwana Wahlund walieleza mfereji wenye ukuta mmoja tu unaopitisha maji, nao ndio uliokuja kuenea. Kwa njia hii wataalamu wameweza kupima amilopektini bila kuikata vipande, na mpira wa miti pamoja na mabonge yake. Mwaka 2018 wataalamu wa Weill Cornell, New York, waliitumia kuzitenga chembe ndogo ambazo seli za mwili huzitoa nje. Zilizojulikana waliona ni makundi mawili, moja la nanomita 60 hadi 80 na jingine la 90 hadi 120. Pamoja nazo wakakuta kundi la tatu, la nanomita 35 hivi, ambalo lilikuwa halijatambuliwa. Lilikuwamo siku zote. Lilingoja mtu wa kulitenga kwa upole.

Na tukumbuke ugonjwa wa korona. Chanjo za namna mpya zilizoruhusiwa Desemba 2020 zilikuwa na ujumbe uliofungwa ndani ya vitone vya mafuta, kila kitone nanomita kama 100. Vikipasuka au vikigandana, si chanjo tena. Maagizo ya chanjo ya Pfizer na BioNTech yalikataza kuitikisa chupa. Baada ya kuchanganya maji yake, muuguzi aliagizwa aipindue polepole mara 10. Nani asiyekumbuka jinsi tulivyozoea kuambiwa, "Tikisa kabla ya kutumia"? Hapa neno lilikuwa, usitikise. Na njia ya mkondo na ubavu ni moja kati ya zile zinazotumiwa kupima vitone vya namna hiyo, kwa kuwa haivisumbui.

Sitaki kuisifu kama mchuuzi anayesifu nguo. Upole nao una hila zake. Chembe husukumwa utandoni, na nyingine hunata pale zisitoke. Mwanzoni hukusanywa mahali pamoja, na zikisongamana zaweza kushikana. Nazo hutoka katika maji mengi, hata kuzitambua huwa kazi. Kila mfereji lazima ujaribiwe kwanza kwa chembe ambazo upana wake wajulikana. Hata njia ya upole, basi, hulazimika kuulizwa lile swali langu: je, umekiharibu kitu?

Nilipoyasema haya katika chama chetu cha majadiliano, rafiki yangu wa bweni alisimama kunipinga, na kwa haki alisema vema kuliko mimi. Alisema, "Ndugu, huli karanga bila kuvunja ganda. Mwalimu akitaka kujua muhogo una wanga kiasi gani, huuchemsha kwa asidi mpaka wanga wote ugeuke sukari, kisha apime sukari. Huko si kuvunja? Na jibu si sahihi? Halafu, mashine unayoisifu hatuna, na pengine hatutakuwa nayo. Shule ambayo mizani yake ni ya zamani itafaidi nini kwa kuota mifereji ya Utah?" Watu wakampigia makofi mengi.

Nimekaa na maneno yake wiki mbili, na sasa namjibu.

Juu ya karanga, amesema kweli nusu. Kuna maswali mawili, si moja. Swali la kwanza ni: kiko kiasi gani? Swali la pili ni: kiko katika hali gani? Kwa swali la kwanza, vunja upendavyo, ilimradi ujue unavunja na usipoteze kitu. Sukari yote itahesabiwa. Kwa swali la pili, ukivunja umejinyima jibu. Mtu aliyevunja vyungu vyote vya mfinyanzi aweza kukuambia uzito wa udongo wote. Hawezi kukuambia vilikuwa vyungu vingapi, wala kipi kilikuwa kikubwa. Kosa letu ni kujibu swali la pili kwa mazoea ya swali la kwanza. Katika damu ya jaja daktari alitaka kujua potasiamu iliyo nje ya chembe tu. Ndiyo maana kupasuka kidogo kuliharibu yote.

Juu ya mashine, nakubali hatuna. Lakini hatuna pia darubini ya kutazama nyota, na jiografia twafundishwa habari za nyota. Tena wazo halinunuliwi. Jumamosi moja sisi wanafunzi wanne tuliweka kipande cha bati lililokunjwa kama mfereji, tukaliinamisha kidogo, tukamwaga uji wa muhogo uliobaki, na juu yake tukapiga mstari ulionyoka wa masizi, toka ukingo hadi ukingo. Punde ule mstari ukapinda kama upinde: katikati ulikimbia, kando ukabaki. Wadogo wa kidato cha kwanza walikuja kutazama, nao waliuelewa ule mkondo kabla hatujafungua kinywa. Gharama yake ilikuwa uji ambao ungekwenda kwa nguruwe.

Zaidi ya hayo, ni sisi watu wa mbali na maabara ndio tunaohitaji wazo hili kuliko wote. Mwenye maabara mlangoni kwake damu yake hutembea hatua 20. Damu yetu husafiri kwa bodaboda. Maziwa yetu husafiri kwa baiskeli, na chanjo zetu husafiri katika visanduku vya baridi juu ya mawe. Kila kitu chetu kinachopimwa kimesafiri kwanza. Kama kuna mtu duniani anayepaswa kujua kwamba safari ni sehemu ya kipimo, ni mtoto wa kwetu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo si makubwa.

La kwanza, katika daftari zetu za majaribio, chini ya mahali pa kuandika matokeo, tuongeze mstari mmoja: "Je, namna nilivyopima yaweza kuwa imekibadili kitu?" Mwanafunzi ajibu kwa sentensi moja kila mara. Nimekwisha kuanza katika daftari langu. Mara nyingi jibu ni hapana. Mara mbili muhula huu jibu lilikuwa ndiyo, na mara zote mbili ilinibidi nirudie kazi.

La pili, tunapofundishwa kutenga vitu, tusiishie kwenye kuchuja, kuchemsha na kuzungusha. Somo moja litolewe kwa ajili ya vitu dhaifu: damu, maziwa, wanga, chanjo. Bati na uji vitatosha.

La tatu lawahusu wenzangu wanaotaka kuwa wauguzi, na wengi wao wako katika kidato changu. Siku mtakaposhika sindano, mkumbuke kwamba kazi ya kupima haianzi kwenye mashine ya mjini. Yaanza mkononi mwenu. Vuteni taratibu. Kichupa kikiwa kitapita barabara mbovu, kifungeni vizuri kisitikisike, na mwandike saa mliyotoa damu. Na jibu likirudi la kutisha huku mgonjwa aulizia kuku wake, pimeni tena kabla ya mtu kuuza ndama.

Wazee husema, haba na haba hujaza kibaba; nami naongeza kwamba tone moja lililovunjika laweza kukitia kibaba kizima uongo. Mimi mwakani sitakuwa hapa. Natumaini kusoma kemia, Mungu akipenda na karo ikipatikana. Nikifika siku moja mbele ya ule mfereji mwembamba nitafurahi, lakini hata nisipofika, ule mstari mmoja wa daftari nitauchukua popote niendako.

Nimekwisha kusema yangu. Mwenye kauli nyingine, na rafiki yangu wa bweni awe wa kwanza, na aandike. Kurasa ni zetu sote.

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita